Kijani, Gusa

Komeo la mlango wao liling'olewa saa moja na nusu asubuhi, na aliyeling'oa alikuwa baba mwenye nyumba mwenyewe, kama mtu anayelala chumba cha uani kwa hisani ya mwajiri anaweza kuitwa baba mwenye nyumba. Fundi alisimama mlangoni na bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, bila kumtazama mkewe usoni.

"Unafanya nini wewe?" mkewe aliuliza. Alikuwa amepiga magoti kitandani, mikono yote miwili chini ya kiuno cha mama yake, anamgeuza.

"Nimetumwa. Dirisha la sebuleni limekatika komeo, na leo anakuja afisa wa elimu. Mkurugenzi kasema niangalie huku nyuma, makomeo ya huku na ya kule ni ya wakati mmoja."

"Na mlango wetu?"

"Nitatafuta kitu jioni."

"Jioni! Hebu sikia maneno ya mtu mzima. Wanakuja watoto sitini, bwana. Sitini! Mlango unabaki wazi mchana kutwa na mama humu ndani?"

"Sasa ningemjibu nini? Nimwambie siwezi kung'oa komeo kwa sababu nimemficha mkwe wangu?"

Fundi hakuwa mtu wa kugoma. Alikuwa mtu wa kusema "sawa" halafu akakosa usingizi wiki nzima. Alitia komeo mfukoni, akasema "Nisamehe, mama" kwa yule mgonjwa, akaenda zake.

Bibi alinung'unika. Tangu kiharusi kimpige, maneno yake yalitokea upande mmoja wa mdomo yakiwa yamevurugika, na ni wawili tu duniani walioweza kuyachambua: bintiye, na huyo mkwe aliyeondoka na komeo.

"Anasema nini tena huyo mumeo?"

"Hakuna kitu, mama. Kazi tu. Leo kuna wageni, unyamaze, ee? Nikipata nafasi nitakuja kukugeuza."

"Nitanyamaza. Kwani huwa naimba?"

Kweli alikuwa haimbi. Kwa miezi minne alikuwa amelala humo kimya, tangu kaka mtu amlete kwenye mkokoteni mpaka getini, akamshusha, akasema, "Mimi nimekaa naye miaka miwili, na wewe pia alikuzaa," akageuza mkokoteni. Na sharti la chumba cha uani lilikuwa limeandikwa na kupigwa mhuri: atakaa mfanyakazi na mwenzi wake, basi. Mlinzi wa zamani alikutwa na mpwa wake aliyekuja kutafuta shule, na kabla ya saa sita mchana godoro lake lilikuwa nje ya geti pamoja na yeye mwenyewe na huyo mpwa. Mke wa Fundi aliliona godoro lile kwa macho yake. Ndiyo maana kila siku alimwosha mama yake kabla ya jua kutoka, akakausha nguo zake ndani, na akikohoa mgonjwa, anakohoa yeye.

Akavuta mlango. Ukarudi wenyewe ukafunguka. Akauvuta tena, ukafunguka tena, mlango mjinga kabisa. Kutoka jikoni aliisikia sauti ya Mkurugenzi ikimwita. Kwenye kapu lake la kazi mlikuwa na rundo la tepe. Akachomoa mmoja, akaupitisha kwenye tundu la komeo na kwenye msumari wa fremu, akafunga fundo mara mbili, akakimbia. Miezi minane alikuwa akifunga tepe mchana na asubuhi kwenye vyungu, viti na vinu. Mikono ilifunga, akili ilikuwa kwingine, na rangi hakuitazama.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya hakimu mmoja aliyekufa zamani, nyumba ya ghorofa yenye madirisha kumi na manane na sebule ambayo hakuna aliyekaa tena. Kwa miaka mingi ilikuwa makumbusho ya kutazama tu. Watoto wa shule walipitishwa kwa mstari, mikono mgongoni, wakipiga miayo mbele ya saa ya ukutani. Mkurugenzi mpya alipokuja alisema mtoto hajifunzi kwa macho, anajifunza kwa mikono. Akaleta tepe. Kitu chenye utepe mwekundu kinatazamwa. Chenye utepe wa kijani kinashikwa, kinavutwa, kinafunguliwa, kinanuswa ukitaka. Watoto walifurahi mno, na yeyote asiyekuwa na chuki angekubali kwamba yule mama alikuwa na akili.

Mke wa Fundi ndiye aliyepewa uani. Alivalishwa gauni refu la mtumishi wa enzi hizo na kilemba cheupe, akawekwa nyuma ya meza yenye pasi za mkaa, kazi yake ikiwa kuwaonyesha watoto jinsi nguo za hakimu zilivyokuwa zikinyooshwa. Wakamwita Mama Pasi. Jina likamganda hata akiwa sokoni.

"Leo usijichanganye," Mkurugenzi alimwambia, akimweka sawa kilemba kama anavyowekwa sawa mtoto. "Usiseme 'wao walikuwa wanapiga pasi.' Sema 'sisi.' Wewe ni mtumishi. Afisa akiona watoto wamechangamka, wilaya nzima italeta shule zake hapa. Asipoona, mradi unafungwa mwezi huu na sijui nitawaweka wapi wewe na mumeo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

"Na tabasamu. Watumishi wa hapa walikuwa na furaha."

Mama Pasi akatabasamu. Watumishi walikuwa na furaha, nani wa kubisha.

*

Saa tatu mabasi mawili yakamwaga watoto. Mwalimu wao, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni, aliwapanga kwenye ngazi akawafundisha.

"Kijani?"

"Gusaaa!"

"Nyekundu?"

"Tazamaaa!"

Kila mmoja alipewa karatasi yenye maswali matatu na penseli. Umegusa nini? Kikoje? Kilitumika kwa kazi gani? Wakagawanywa makundi matatu, ishirini ishirini, na kundi la kwanza likashushwa uani likipiga kelele.

"Sogeeni, wanangu, ila mkaa usikusogelee wewe," Mama Pasi alianza. "Sisi hapa tunaamka kabla ya jogoo. Bwana mkubwa anavaa shati moja asubuhi, jingine jioni. Nani anataka kunyoosha shati la hakimu?"

Mikono ishirini juu. Mtoto mmoja mwenye pengo alimkagua kutoka kilemba mpaka viatu.

"Wewe ni wa zamani kweli au wa kuigiza?"

"Unanionaje?"

"Viatu vyako vya juzi."

Wakacheka wote, na Mama Pasi naye akacheka kweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Walipokezana pasi, wakapuliza majivu, wakaunguza kitambaa kimoja wakashangilia. Afisa wa elimu, baba mnene mwenye sauti ya upole, alisimama pembeni na daftari akitingisha kichwa kwa kuridhika. Mkurugenzi alikuwa bega kwa bega naye.

Saa nne na nusu ndipo mgonjwa alipaswa kugeuzwa. Mama Pasi aliijua saa hiyo bila kutazama popote. Akipitilizwa, ngozi ya kiunoni inaanza kuiva, na kidonda kimoja kilikuwa kimepona majuzi tu baada ya kuuguzwa wiki tano. Lakini kundi la pili lilikuwa limekwisha fika mezani, na afisa alikuwa hajaondoka. Alikuwa anataka kujaribu pasi yeye mwenyewe.

"Nzito!" afisa alisema. "Na mlikuwa mnashika hii siku nzima?"

"Siku nzima, mheshimiwa."

"Mikono haikuuma?"

"Tulizoea."

Saa tano. Kundi la tatu lilipofika alilihesabu kwa mazoea ya kuogopa mtu asiungue. Kumi na wanne. Akahesabu tena. Kumi na wanne.

"Wengine wako wapi?"

"Wamekwenda kwenye chumba kile kingine," alisema msichana mmoja, akionyesha kwa penseli. "Cha nyuma ya kisima. Kuna kijani mlangoni."

Kilikuwa chumba chao. Aliweka pasi juu ya shati, si juu ya kiwekeo, akaondoka mbio na nyuma yake shati la hakimu likaanza kufuka moshi.

*

Walikuwa sita, na walikuwa wanafanya walichofundishwa. Mmoja alikuwa amefungua sanduku na kuvaa koti la Fundi. Mmoja alinusa chupa ya dawa ya kuchua, akampa mwenzake naye anuse. Mkate uliokuwa umehifadhiwa kwa chakula cha mchana ulikuwa umemegwa vipande sita. Wawili walikuwa kitandani, mmoja kila upande, na shuka lilikuwa limefunuliwa mpaka magotini. Mvulana wa upande mmoja alikuwa ameshika mguu mkavu wa bibi, anahesabu vidole na kuandika.

"Hili sanamu lina joto," alimwambia mwenzake.

"Si sanamu, mjinga wewe. Ni mtu wa kuigiza. Analipwa."

"Mbona halisemi?"

"Ndiyo kazi yake."

Bibi alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na akanyamaza huku akivutwa masikio, akifunguliwa mdomo kuangaliwa kama ana meno, akishikwa nywele. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yakienda huku na huku, na machozi yalikuwa yakiingia sikioni.

"Mama, njoo uone!" msichana wa upande wa pili alimwita Mama Pasi, uso umejaa furaha. "Huyu anatoa machozi ya kweli!"

"Shukeni. Shukeni hapo. Haraka."

"Lakini kuna kijani..."

"Nimesema shukeni!"

Ndipo mlango ukaingia giza. Mwalimu na filimbi yake, nyuma yake afisa, nyuma ya afisa Mkurugenzi, ambao walikuwa wamekuja kufuata moshi wa shati na kisha kufuata kelele. Mkurugenzi aliona kitanda. Akamwona aliyelala. Kisha akamtazama Mama Pasi, na Mama Pasi akaliona lile godoro la mlinzi nje ya geti, ila safari hii juu yake amelala mtu asiyeweza kukaa.

Kabla ya yeyote kufungua kinywa, afisa wa elimu alivua kofia.

"Hapa," alisema taratibu, "hapa ndipo mlipokuwa mnatuficha. Sebule nimeziona nyingi. Chumba cha mtumishi, chenye mtumishi mwenyewe, mzee, kitandani kwake? Mkurugenzi, hili hukuliandika kwenye barua."

Mkurugenzi alipiga hesabu. Ilimchukua muda mfupi sana.

"Tulitaka uione kwa macho yako, mheshimiwa."

"Na huyu bibi ni nani? Hebu tueleze, Mama Pasi. Watoto, sogeeni, sikilizeni."

Wakasogea. Mama Pasi alisimama kando ya kitanda cha mama yake, kilemba kimekaa upande. Macho ya Mkurugenzi yalikuwa yakimwambia: sema, na useme vizuri. Akasema.

"Huyu... huyu ni mtumishi wa nguo. Wa zamani. Alikuwa anafua nguo za hakimu na familia yake. Kwa mikono. Amezeeka sasa."

"Onyesha mikono," afisa alisema kwa upole.

Akauinua mkono wa mama yake. Mkono huo haukuwahi kufua shati la mtu nje ya familia yake. Bibi alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, miaka thelathini na moja, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa, na wakulima walikuwa wakitoka mbali kumpita karani wa karibu ili wapimiwe na yeye, kwa kuwa hakuibia mtu hata kibaba. Daftari lake alilifunga mwenyewe. Wachukuzi wa ghala walimwita Mzee. Sasa bintiye alikuwa ameushika mkono huo hewani mbele ya watoto na kusema, "Mnaona vidole vilivyopinda? Ni sabuni hiyo, na maji ya baridi."

"Tunaweza kugusa?" mwalimu aliuliza.

Mkurugenzi ndiye aliyejibu. "Mmoja mmoja. Taratibu."

Wakapita, kumi na wanne waliobaki nao wakaletwa, mmoja mmoja, wakagusa vidole vya bibi na kuandika. Wengine walibonyeza kama wanavyobonyeza embe sokoni. Mwalimu aligusa. Afisa aligusa pia, kwa heshima zote. Hakuna aliyemsalimia. Bibi alifumba macho, hakuyafumbua mpaka wa mwisho alipotoka.

*

Mabasi yalipoondoka waliitwa ofisini, mume na mke. Hawakuambiwa wakae. Mkurugenzi alikuwa ameweka mbele yake karatasi za watoto, na juu yake sharti la chumba cha uani, lenye mhuri.

"Muda gani?"

"Miezi minne," alisema Fundi.

"Miezi minne mnanidanganya usoni. Mnajua yaliyompata mlinzi?"

"Tunajua, bosi," alisema Mama Pasi. "Kosa ni langu, mume wangu hana kosa. Nipe siku mbili nimtafutie pa kwenda."

"Unapo?"

Hakuwa napo. Kaka alikuwa amehama, na simu yake haikupatikana tena. Chumba cha kupanga kilitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hata kingepatikana, nani angemgeuza mgonjwa wakati yeye yuko kazini? Akalia pale pale amesimama, na gauni lile la mtumishi mwilini.

"Usilie, sikukuitia kulia," Mkurugenzi alisema, na ukweli ni kwamba sauti yake ililegea. "Mimi si mnyama. Sikiliza. Afisa ameniahidi shule mbili kila wiki, mwaka mzima. Ila amesema wazi, anazileta kwa ajili ya chumba kile. Karatasi hizi hapa, someni. Hakuna mtoto hata mmoja wa kundi la mwisho aliyeandika juu ya pasi. Wote bibi, bibi, bibi." Akasogeza sharti kando. "Basi akae. Akae kama alivyo, na ninyi mkae. Nitaongeza na godoro jipya. Jumanne na Alhamisi watoto wataingia, nusu saa kila kundi, wewe ukiwa pale pale unaeleza kama ulivyoeleza leo. Siku nyingine ni chumba chenu."

"Wamguse?" Fundi aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa bosi yeyote katika miaka yote ya kazi.

"Ndiyo maana ya mradi, Fundi."

"Na akikataa?"

"Akikataa sitamlazimisha, na sitaki kesho niambiwe nimemlazimisha mtu. Lazima aulizwe, na niandike kwamba ameridhia. Ila akikataa, basi yeye ni mgeni tu ambaye hana ruhusa ya kulala hapa, na sharti mnalijua." Alichukua kalamu na karatasi, akainuka. "Twendeni tukamwulize."

*

Mkurugenzi alibaki kizingitini, kwa adabu, kalamu mkononi. Fundi alisimama miguuni pa kitanda. Chumba kilikuwa bado kimevurugwa, koti sakafuni, makombo ya mkate kila mahali. Mama Pasi alimgeuza mama yake kwanza. Kiunoni ngozi ilikuwa imeiva tena, nyekundu, upana wa kiganja. Akampaka mafuta, akamfunika, akainama sikioni.

"Mama, umesikia wageni wa leo. Wanataka warudi. Mara mbili kwa wiki. Ukikubali, tunakaa hapa sote, na utapewa godoro zuri. Ukikataa, hatuna pa kwenda, mama. Sikufichi. Tunalala nje."

Bibi alifumbua macho. Alimtazama bintiye kwa muda, kama zamani alivyokuwa akiutazama mshale wa mizani mpaka utulie. Kisha akasema, taratibu, akijitahidi kila neno litoke zima.

"Sitaki."

"Mama..."

"Niweke barabarani. Sitaki kushikwashikwa. Na usiwaambie tena mimi nilikuwa mfua nguo. Sitaki, mwanangu. Sitaki."

Fundi alisikia. Alikuwa mtu wa pili duniani anayeweza kumsikia bibi, na alisikia kila neno. Mama Pasi aliinua uso akamtazama, akimwomba aseme chochote, aseme yeye, kwa kuwa yeye ni mwanamume na ni mkwe na si aliyezaliwa na mwanamke huyu. Fundi akainama kuokota koti. Akalikung'uta, akalikunja, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

"Amesemaje?" Mkurugenzi aliuliza kutoka mlangoni. "Mimi sijaambulia hata neno."

Mama Pasi aliushika mkono wa mama yake.

"Ameridhia," alisema.

Kalamu ikaandika. Mkurugenzi akapumua kwa nguvu, akakunja karatasi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu bila kuonyesha mtu.

"Mungu ni mwema. Mwambie namshukuru sana."

Mama Pasi akainama tena kwenye lile sikio ambalo halikuwa na ubovu wowote, lililokuwa limesikia yote.

"Anakushukuru, mama," alisema. "Anakushukuru sana."